Kayaki ya Pedali Huko Lac Vert: Tuchague Chombo Kitakachoturudisha



Juma hili ukurasa wetu wa safari unawapeleka Lac Vert, upande wa magharibi wa mji wetu wa Goma. Hatukwenda kutembea tu. Tulikwenda kwa sababu ya swali lililoletwa katika kikao chetu. Kijana wa mwenzetu mmoja, anayeishi Ulaya, ametuandikia kwamba atakuja likizo wakati wa kiangazi. Kule aliko amejifunza kuvua kwa nzi wa bandia, na sasa anataka kununua kayaki ya pedali, aivulie hapa kwa wiki chache, kisha atuachie sisi wamama. Ameomba mambo mawili: tumsaidie kuchagua aina ya kayaki inayofaa ziwa letu, na sanduku la AVEC yetu lichangie gharama ya kuileta, kwa kuwa baadaye tutaweza kuikodisha na kupata faida.

Kikao kiligawanyika. Wengine walisema ni baraka, mgeni njoo mwenyeji apone. Wengine walisema pesa ya sanduku ni ada ya shule na dawa za watoto, si ya kuchezea majini. Tukakubaliana kwamba kabla ya kubishana zaidi, watano kati yetu waende waone mwambao wenyewe na kuwauliza wanaoishi kwa maji hayo.

Njia ya kufika

Tulitoka mjini kwa pikipiki. Barabara ni ile ya kwenda Sake, inayopita Ndosho na kuelekea Mugunga. Ukiwa unaelekea magharibi, Ziwa Kivu liko mkono wako wa kushoto, ingawa kwa sehemu kubwa ya njia hulioni. Unachoona ni mawe meusi ya volkano: kwenye kuta za viwanja, kwenye misingi ya nyumba, kwenye njia zinazokata matairi. Chukudu zinapita zimebeba makaa, mbao na viazi, na vijana wanaziendesha kama watu waliozaliwa juu yake.

Wengi wetu tunaijua njia hii kwa sababu nyingine. Mwaka 1994 Mugunga ilijaa wakimbizi kutoka Rwanda. Mwezi wa tano mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, sisi wenyewe tulipita hapa tukiwa tumebeba magodoro na watoto, tukikimbilia Sake. Miaka iliyofuata Lac Vert, Bulengo na Mugunga zilikuwa kambi za ndugu zetu waliofukuzwa na vita, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia huko, watu wakafa, wakiwemo watoto. Ndiyo maana, tuliposema katika kikao kwamba tunakwenda Lac Vert kuuliza habari za kayaki, mwenzetu mmoja alinyamaza kwa muda mrefu. Tunalisema hili kwa sababu hatutaki mtu afikiri tumesahau. Lakini watu wanaishi pale, wanavua pale, na watoto wao wanateremka majini kila siku. Habari za maji yao zinatuhusu.

Jina lenyewe ni la maji. Lac Vert kwa Kiswahili ni Ziwa la Kijani. Ni ziwa dogo lililokaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano ya zamani, karibu na mwambao wa Kivu. Kwa hiyo mgeni akisema anataka kuvua Lac Vert, muulize kwanza: ziwa lile dogo la ndani ya shimo, au Kivu kubwa iliyo karibu nalo? Majibu ni mawili tofauti, na tutaona kwa nini.

Kayaki ni chombo cha namna gani

Kayaki ya asili ilitengenezwa na watu wa nchi za barafu, kaskazini kabisa ya dunia. Walitandaza ngozi za wanyama juu ya mifupa au miti, wakakaa ndani na kusukuma kwa kasia lenye vichwa viwili. Za leo, hasa za wavuvi, mara nyingi ni za plastiki ngumu, na mtu hakai ndani bali juu yake, kama mtu aliyekaa juu ya mlango ulioelea. Zina matundu madogo yanayopita kutoka juu hadi chini ya chombo, ili maji yanayoingia kwa mawimbi yatoke yenyewe. Hata ikijaa mawimbi haizami kama mtumbwi, kwa sababu tumbo lake limefungwa na ndani kuna hewa.

Jambo la pedali ni jipya. Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ya Marekani ilitoa kayaki inayosukumwa kwa miguu: unakanyaga hatua moja baada ya nyingine, na chini ya maji mapezi mawili yanapunga huku na huku, kama mabawa ya ndege anayeogelea. Baadaye kampuni nyingine zikatengeneza aina ya pili: pedali zinazozunguka kama za baiskeli, nazo zinazungusha propela, ile feni ndogo ya chini ya maji. Usukani unakuwa pembeni, unaushika kwa mkono mmoja.

Tulipowaelezea wavuvi wa pale, mzee mmoja alicheka sana. Akasema kwamba sasa wazungu wameweka chukudu majini. Hakukosea sana. Kama chukudu, ni chombo kinachotumia mguu ili mikono ifanye kazi nyingine.

Kwa nini mvuvi wa nzi anahitaji mikono

Uvuvi wa nzi wa bandia si kama ule wa mtoto anayetupa ndoano yenye mnyoo. Chambo chake ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano ndogo mpaka zifanane na mdudu. Hakina uzito wowote. Kinachobeba chambo hewani ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kuliko mshipi wa kawaida. Mkono mmoja unapunga ufito mbele na nyuma, mkono wa pili unashika na kuachia mshipi kidogo kidogo. Mwenye kasia mkononi hawezi kufanya hivyo. Akiweka kasia chini, upepo unamgeuza. Ndiyo sababu wavuvi wa namna hii wameipenda pedali: miguu inashikilia chombo mahali pake, mikono inavua.

Katika eneo letu la Afrika, uvuvi huu ulijulikana zaidi Kenya, ambako trauti waliletwa kwenye mito ya baridi ya milimani mwaka 1905. Kivu haina trauti. Samaki wetu mkuu, sambaza, naye ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana mpaka akawa chakula cha kila nyumba. Lakini sambaza ni mdogo, anatembea kwa makundi, na anavuliwa usiku kwa taa na wavu. Hutamleta kwa nzi mmoja mmoja. Atakayekubali nzi wa bandia ni tilapia wa karibu na ukingo, na samaki wadogo wa mawe. Kwa hiyo kijana wetu atavua karibu na mwambao, kwenye miamba, si katikati ya ziwa. Hilo peke yake linabadilisha mambo mengi katika kuchagua.

Mapezi au propela

Mwambao wa upande huu ni mawe. Lava iliyoingia ziwani iliganda kwa ncha kali, na chini ya maji inaendelea hivyo hivyo. Kifaa cha pedali kinaning'inia chini ya chombo kwa kipimo cha kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Kikigonga jiwe, kinapinda au kuvunjika, na hapa Goma hakuna duka la vipuri vyake.

Aina ya mapezi ina faida hapa. Ukikaribia mawe, unasukuma mguu mmoja mbele mpaka mwisho, mapezi yote mawili yanajilaza chini ya tumbo la chombo, na unaendelea kuelea juu ya maji machache. Hasara yake ni kwamba zile za kwanza zinakwenda mbele tu. Za kurudi nyuma pia zimepatikana baadaye, na bei yake iko juu.

Aina ya propela inarudi nyuma mara moja, ukigeuza tu miguu. Hilo ni jambo kubwa kwa mvuvi aliyenasa samaki anayekimbilia mawe, na ni jambo kubwa zaidi kwa mtu anayesukumwa na wimbi kuelekea mwamba. Lakini penye maji machache lazima uinue kifaa chote kwa mkono, na ukichelewa jiwe linafika kwanza.

Zote mbili zina kasoro moja kwa mvuvi wa nzi: mshipi wake unalala miguuni, na pedali zinaukamata. Anayechagua atafute kayaki yenye nafasi tupu mbele, bila vishikizo vingi vinavyotokeza, na awe na kitambaa au kikapu cha kuwekea mshipi. Pia iwe pana. Zile za kuvulia ambazo mtu anaweza kusimama juu yake zina upana wa karibu sentimita 90. Nyembamba zina mbio, lakini anayepunga ufito juu ya chombo chembamba atajikuta majini.

Na asisahau kasia. Pedali ni chuma, plastiki na minyororo au kamba. Siku moja vitakatika. Kayaki ya pedali isiyo na kasia ndani yake haifai kuondoka ukingoni.

Wavuvi wetu walishajibu swali hili

Tulikaa na kuangalia mitumbwi ya sambaza iliyopumzika. Mnaijua: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, yenye mingine mirefu zaidi inayotokeza mbele na nyuma kushikilia wavu. Usiku wanaume wanapiga makasia kwa wimbo, wanashusha wavu, wanawasha taa, wanangoja.

Hapo ndipo tulipoelewa kitu. Shida ya mvuvi wa Ulaya na ya mvuvi wa Kivu ni moja: namna ya kusimama imara juu ya maji huku mikono ikiwa na kazi. Mmoja amepanua plastiki, mwingine ameunganisha mitumbwi mitatu. Lakini kuna tofauti. Mitumbwi mitatu ina watu wengi. Mmoja akianguka wenzake wapo. Kayaki ina mtu mmoja. Tulipomuuliza yule mzee angechagua nini, hakuuliza mbio wala bei. Aliuliza ni nani atakayejua kama mtu huyo hajarudi.

Tuliandika swali hilo kwenye daftari, na mengine yote yamefuata kutoka hapo. Tulikuja tukiwa tunafikiri kuhusu chombo cha kwenda. Tuliondoka tukifikiri kuhusu chombo cha kurudi.

Upepo una zamu zake

Kivu iko juu, kwenye mita kama 1,460 kutoka usawa wa bahari, na imezungukwa na milima. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku na alfajiri hugeuka: hewa baridi inashuka kutoka milimani na kusukuma kuelekea ziwani. Na wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo wa kusini unakuwa na nguvu, ukipanda ziwa lote kwa urefu, na mwisho wake ni mwambao wetu wa kaskazini. Mawimbi hayo ndiyo yanayopiga mawe.

Mtu mwenye pedali anajisikia ana nguvu, kwa sababu miguu haichoki upesi kama mabega. Alfajiri upepo wa nchi kavu unamsaidia, anakwenda mbali bila kujua. Akigeuka, pedali inakuwa nzito. Akingoja mchana, upepo wa ziwani utamrudisha, lakini utamrudisha juu ya mawe. Kwa hiyo kanuni ya wavuvi wa pale ni kuanza safari ukiwa unaelekea upepo unakotoka, ili ukichoka uwe unasukumwa nyumbani. Na ukifuata ukingo, usiuache ukawa mstari mwembamba nyuma yako.

Jambo hili linaifanya kreta ionekane kuwa jibu zuri: maji madogo, kuta pande zote, upepo mdogo, mtoto hawezi kupotea. Tuliwaza hivyo sisi pia. Lakini kukosekana kwa upepo ndiko kunakotisha, na mama yeyote wa upande ule atakuambia kwa neno moja: mazuku.

Mazuku

Ni neno letu wenyewe, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za volkano. Haionekani, na mara nyingi hainuki. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatelemka kama maji na kujikusanya katika mabonde na mashimo. Magharibi mwa Goma iko sehemu nyingi, kuanzia Himbi, Bulengo, Lac Vert na Mugunga, kuelekea Sake. Upepo wa mchana huipeperusha. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, inajaa tena. Wanaokufa kwanza ni walio karibu na ardhi: kuku, mbuzi, mbwa, na watoto.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Saa anayoipenda mvuvi ni alfajiri, maji yakiwa yametulia. Saa hiyo ndiyo saa ya mazuku. Mahali panapofaa kuteremsha chombo ni pale ardhi inaposhuka kufikia maji. Mahali pa namna hiyo ndipo gesi hutelemkia. Na anayeburuta kayaki ya kilo 40 au 50 anainama, anahema kwa nguvu, uso wake uko karibu na ardhi kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo tuliwauliza wamama wa pale wanafanyaje. Hawapiti kwenye mabonde mapema. Wanangoja jua na upepo. Hawamwachi mtoto alale chini karibu na maji. Wakiona ndege, panzi au mjusi waliokufa mahali pamoja, wanageuka. Wengine hubeba moto na kuangalia kama unazimika. Hapo tunaongeza onyo: moto ukizimika, kimbia, lakini moto ukiendelea kuwaka usiseme mahali ni salama. Gesi inayotosha kumlegeza mtu inaweza kuwa tayari iko pale kabla ya ule wingi unaozima mwali. Na mtu akianguka ndani ya shimo, usimkimbilie chini. Watu wameangamia mmoja baada ya mwingine kwa kuokoana. Piga kelele, mvute kwa kamba kutoka juu kama inawezekana. Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, OVG, kinayachunguza maeneo haya. Kabla ya kuchagua ukingo, kiulizwe.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama pedali haiwezi kukoroga gesi ya Kivu yenyewe, ile ya methani tunayoisikia kila siku. Hapana. Ziwa lina kina kinachofika karibu mita 480, na gesi hiyo imeyeyuka katika maji ya chini sana, mamia ya mita. Pedali haifiki hata mita moja. Ila Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ni jambo jingine: kule maji yenye gesi yako karibu zaidi na juu, na wanasayansi wanaiangalia kwa makini. Kijana wetu asifanye mchezo wa kuvuka kwenda huko.

Jile kabla ya chombo

Mnakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Mashua iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa inakaribia bandari ya Kituku, watu wakiangalia kutoka ukingoni, na makumi ya ndugu zetu wakafa. Nyuma yake, mwezi wa nne mwaka 2019, mashua nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi akaamuru kila msafiri wa ziwa avae jile. Amri ilitoka. Nenda ukingoni uhesabu mwenyewe wangapi wanavaa.

Kwa mtu wa kayaki, jile si kitu cha kuweka chini ya kiti. Akianguka, chombo chepesi kinasukumwa na upepo kuliko anavyoweza kuogelea. Avae jile kabla mguu haujagusa pedali, alifunge, na awe na filimbi shingoni. Chombo kifungwe kwa kamba kwenye mwili wake au kwenye jile. Na kabla ya siku ya kwanza ya kuvua, ajifunze kupanda tena akiwa majini, karibu na ukingo, mbele ya watu. Asiyeweza kupanda tena chombo chake hajakimiliki bado.

Hesabu ya sanduku

Bei tulizopewa na kijana wetu ni hizi: kayaki za pedali za bei nafuu zinaanza kama dola 1,000, na zenye majina makubwa zinapita 3,000. Hapo hujalipa ndege, forodha na gari. Kuibeba kutoka barabarani mpaka majini si shida. Chukudu moja na vijana wawili wanatosha. Shida ni siku pedali itakapovunjika. Mtumbwi wa mbao ukipasuka, fundi yuko palepale, na misumari iko sokoni.

Na nani atakodisha? Watalii wanaopenda nzi wa bandia hatuwaoni wakipanga foleni. Amri za usalama na za saa za kuwa ziwani hubadilika, na chombo kinaweza kukaa miezi bila kuguswa. Pesa ya AVEC ni ya mzunguko. Inatakiwa irudi kila juma, kama yule mtu wa majini.

Tulivyoamua

Tuliporudi, kikao kilisikiliza taarifa yetu na kukubaliana hivi. Kijana wetu anakaribishwa na kayaki yake, kwa furaha. Tumemwandikia achague pana, ya kukaa juu, yenye mapezi yanayojilaza kwa ajili ya mawe yetu, na kama uwezo unaruhusu, yenye kurudi nyuma. Akipata tu ya propela inayoinuliwa kwa urahisi, hatutamkataza, ila ajifunze kwanza mahali penye mchanga. Asivue ndani ya kreta, na asiteremke kwenye bonde lolote kabla jua halijapanda na upepo haujaanza. Aende na mvuvi wa pale katika mtumbwi wa pili, amlipe siku yake kama haki.

Sanduku halitachangia kayaki. Badala yake tumeazimia kununua jile, za wakubwa na za watoto, chache kwa kuanza, na kuziweka kwa mama mmoja wa ukingoni atakayeziazima kwa anayeingia majini. Mwenzetu aliyepinga safari tangu mwanzo ndiye aliyeweka franka za kwanza mezani. Mama wa kijana hakupendezwa mara moja, na tunamheshimu kwa kusema wazi. Alitaka mwanawe aache kitu kwetu. Tumemjibu kwamba kitu hicho ataacha: akija, awafundishe watoto wa mwambao kupanda tena chombo kilichopinduka.

Kwa vikundi vingine vinavyofikiria chombo chochote cha majini, kiwe mtumbwi, mashua ya injini au kayaki, haya ndiyo maswali tuliyorudi nayo. Yajibiwe kikaoni kabla sanduku halijafunguliwa:

1. Kitateremshwa wapi, na mahali hapo pana mazuku?
2. Upepo wa saa ile unasukuma wapi?
3. Kikivunjika, nani hapa Goma anajua kukitengeneza?
4. Mtu akianguka, atapandaje tena?
5. Jile ni ngapi, na nani anazitunza?
6. Nani ukingoni anajua saa aliyoondoka na saa anayotakiwa kurudi?

Swali la sita ni la yule mzee. Wamama wenye jile kuukuu ambazo bado ni nzima, au fundi cherehani anayeweza kushona mikanda iliyokatika, tafadhali waje nazo kwenye mkutano wa juma lijalo. Tutaanza na hizo.